Mdudu Niliyempa Jina

Alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, bapa, rangi ya jani la mgomba lililokauka. Miguu yake ya mbele ilikuwa imepinda kama mundu. Mabawa yalikunjwa mgongoni, moja juu ya jingine, na ukimtazama haraka ungesema ni mende, ila mende wa ukubwa ule sikuwahi kumwona mimi wala mama yangu. Alikutwa chini ya ndoo uani kwetu, Bukiriro, wilaya ya Ngara, asubuhi moja baada ya mvua, katika ule mwaka ambao watu wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakajaa kwenye vilima vyetu. Mtoto aliyemkuta aliniuliza jina lake, nami nikampa jina. Naandika hapa nieleze sawasawa lilivyotoka kinywani mwangu na lilichokifanya, bila kujipunguzia.

Mtoto yule alikuwa wa kike, wa miaka minne hivi. Alifika kwetu mgongoni mwa mama yake, siku chache baada ya umati kuvuka mto. Mama yake alikuwa amevuka katikati ya umati huohuo, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Yeye alikuwa Mtutsi. Umati ule ulikuwa wa Wahutu waliokimbia vita, wengi wao watu wa kawaida, wenye vyungu kichwani na watoto mkononi, lakini ndani yao walikuwemo waliomuua mume wake na ndugu zake. Jirani yao mmoja, Mhutu, alimshika mkono akavuka naye, akisema kwa kila aliyeuliza kwamba ni mke wake. Akamfikisha hadi kwenye migomba yetu, akamweleza mama yangu ukweli wote akiwa amesimama, akakataa hata maji ya kunywa, akaenda kambini kujiandikisha peke yake. Hatukumwona tena.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama. Baba alikuwa amefariki, dada zangu walikuwa wameolewa. Mama hakuniuliza maoni. Aliwaambia majirani: "Huyu ni mwana wa dada yangu aliyeolewa ng'ambo, Burundi." Nyumba nyingi za Ngara zina ndugu ng'ambo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lugha yetu na yao zinakaribiana sana, mtu anaweza kukaa siku nzima na mgeni kabla hajajua kwamba ni mgeni. Lakini watu wa kambini wangejua. Wao wangesikia maneno mawili tu kutoka kinywani mwake na kujua alikotoka, na mwingine angeweza kujua hata kilima.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukupeleka habari ofisini. Mama alisema kupeleka habari ni kupeleka jina, na jina likishakuwa kwenye karatasi linasomwa na wengi, na walioajiriwa kuandika karatasi zile wengine walikuwa watu wa kambini. Sijui kama alikosea. Ndivyo alivyoona.

Mpango ulikuwa huu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa ameolewa Biharamulo, mbali na kambi. Mjomba wangu alikuwa anauza chai Nyakanazi, pale magari yanapokutana. Mjomba angekuja na baiskeli, angewapitisha njia za ndani mpaka Nyakanazi, na kutoka hapo wangepanda gari la kwenda Biharamulo. Tatizo lilikuwa kizuizi cha barabarani baada ya Nyakanazi. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, na kila abiria aliulizwa maswali kwa Kiswahili. Ambaye hakuweza kujibu alirudishwa, na kurudishwa kulikuwa na maana ya kupelekwa kambini. Yeye hakujua Kiswahili hata kidogo. Kazi ya kumfundisha ikawa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimaliza darasa la saba nikiwa mtu wa pili, lakini hatukuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari. Nilichobaki nacho ni Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi, na msichana anayekizungumza kama kilivyoandikwa kitabuni hutaniwa, lakini huheshimiwa pia. Waliniita mwalimu. Nilijifanya sipendi.

Tulifundishana tukifanya kazi. Tukimenya mihogo, nilimwambia hii ni mihogo, hiki ni kisu, haya ni maganda. Mtoto naye alikaa katikati yetu, akajifunza upesi kuliko mama yake. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa "Hiki nini?", na baada ya wiki moja alikuwa anaiuliza kutwa nzima, kwa jiwe, kwa pua yangu, kwa moshi. Herufi za l na r hazikutusumbua. Mgeni wetu alipokuwa anasema "nataka kurara" nilimwacha, maana hata sisi tunachanganya, na askari angeona ni Mhangaza tu wa kawaida, mtu wa kabila letu la Ngara. Kilichomshinda ni shikamoo. Alimwamkia kila mtu.

"Dada, ukiniamkia mimi utanizeesha," nilimwambia. "Mimi ni mdogo wako. Ni mimi wa kukuamkia wewe."

"Basi niamkie."

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo," akajibu. Kisha akajisikia mwenyewe akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Mtoto alimtazama mama yake kana kwamba amemwona mtu mwingine.

Kuna jambo moja linabidi nilieleze, la sivyo mengine hayataeleweka. Katika lugha yetu, kama katika yao, mende anaitwa inyenzi. Kwetu ni mende tu. Kwao lilikuwa limegeuzwa kuwa jina la kuwaita Watutsi, na katika miezi ile ya mauaji lilitangulia mbele ya panga. Sisi hatukulijua hilo mpaka siku moja mende alipotoka kwenye kikapu cha mtama, mama akamfukuza kwa kandambili akimtaja kwa jina lake la kawaida. Mgeni wetu alikuwa anapepeta maharage. Ungo ulimtoka mikononi, maharage yakamwagika yote, naye akabaki ameshika hewa.

Alipotueleza, mama alipiga magoti. Aliokota maharage pamoja naye moja moja. Halafu akaniuliza: "Kwa Kiswahili anaitwaje?"

"Mende."

"Mende," akasema mama. Hakuwa na Kiswahili zaidi ya salamu na bei za sokoni, lakini neno hilo alilishika. Kuanzia siku ile, hata akiwa anazungumza Kihangaza chake tangu asubuhi mpaka jioni, akifika kwa mdudu yule alisema mende. Lile neno jingine liliondoka nyumbani kwetu. Mtoto alikuwa kisimani na watoto wa jirani siku maharage yalipomwagika. Neno hakulisikia kwetu, na mama yake alisema hata huko walikotoka alihakikisha hajalisikia.

Sasa nirudi kwenye ndoo.

Wanawake wa kambini walikuwa wanapita majumbani kubadilishana. Walipewa mahindi ya njano ambayo hayakuwapendeza, wakatuletea tuwape ndizi. Kwetu walikuwa wanakuja watatu, kila baada ya siku tatu au nne. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mtu mzima, amezoea kuuza ndizi na vyakula vingine upande wao wa Rusumo kwa madereva wa malori, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha barabarani. Mwingine alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe. Wa tatu alikuwa msichana mwembamba asiyesema. Wanapofika, mgeni wetu hukaa nyuma ya nyumba na kazi yake, kimya, mpaka waondoke. Walikwisha kumwona kwa mbali mara moja au mbili. Tuliamini hawakumjua.

Asubuhi ile mama alikuwa migombani anakata mkungu. Mgeni wetu alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharage. Mimi nilikuwa mbele na wale watatu, nimewapa vigoda. Mtoto akainua ndoo, akachutama, akaita.

"Dada, hiki nini?"

"Huyu," nikamrekebisha. Hata hapo nilirekebisha. "Mdudu ni huyu."

"Huyu nini?"

Nikainama nikamtazama, nikaona nilivyoeleza hapo juu. Wanawake nao wakasogea. Mkwe akarudi nyuma haraka, mama mkwe wake akamcheka.

"Haya, mwarimu," yule mkubwa akaniambia. "Dude gani hilo? Kwetu halipo."

"Labda limekuja na haya mahindi yenu," nikasema. "Mkiondoka mwondoke nalo."

Wakacheka wote, hata yule msichana mwembamba akatabasamu. Yule mkubwa akapiga paja. "Amekwama! Mwarimu wa Kiswahili amekwama! Mtoto, tafuta mwarimu mwingine."

Ilikuwa mzaha tu, tena mzaha mzuri, wa watu waliokuwa na sababu chache sana za kucheka. Ningecheka nao. Ningesema sijui, maana sikujua. Au ningesema ni mende mkubwa, na hata kama ningekosea kusingekuwa na ubaya wowote. Lakini mende kila mtu anamjua, nami nilitaka kusema kitu ambacho wao hawakijui.

Katika kitabu chetu cha darasa la nne kulikuwa na ukurasa wa wadudu. Panzi, senene, kumbikumbi, nyenze. Panzi tuliwaona kila siku. Senene na kumbikumbi tuliwala. Nyenze peke yake hatukumjua, tukamuuliza mwalimu, naye akasema ni mdudu, tuendelee. Neno lile nilikaa nalo miaka yote bila kuwa na mdudu wa kulivalisha. Siku ile nikaona nimempata.

"Ni nyenze," nikasema.

"Nyen… nini?"

"Nyenze. Ndivyo anavyoitwa kwa Kiswahili."

Nataka nieleweke. Sikulisikia lile neno jingine ndani yake. Nyumbani kwetu tulikuwa tumelikataza kwa miezi, mimi mwenyewe ndiye niliyempa mama neno la kuweka mahali pake, na bado sikulisikia. Kwangu nyenze lilikuwa la upande wa kitabu na lile jingine la upande wa jikoni. Niliposema nilikuwa nafurahi.

Yule mkubwa aliacha kucheka. Nilidhani ameshangazwa na elimu yangu.

Mtoto alikuwa amelidaka. Alimteremsha mdudu kwenye kipande cha jani la mgomba, akamnyanyua kwa mikono miwili kama mtu anavyobeba sahani ya moto, akakimbia kumwonyesha mama yake. Akakimbia akiita, na ulimi wake ulifanya kile ambacho ulimi wa kwao hufanya na kila neno geni, uliliwekea mwanzo na kuligeuza mwisho.

"Mama! Inyenzi! Mama, inyenzi!"

Mama yake alikuwa amesikia anaitwa akatokea kwenye pembe ya nyumba. Akasimama pale, uso kwa uso na wale wanawake watatu, ungo mkononi, na mwanawe anamkimbilia huku akimnyooshea jani na kulipaza neno lile kwa furaha yake yote.

Hakuna aliyesogea. Mkwe alijiziba mdomo. Msichana mwembamba aliangalia chini. Yule mkubwa akasema taratibu, kwa lugha yao, "Nyamaza, mtoto." Kisha akawageukia wenzake akasema twendeni. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka migombani na mkungu begani. Siku zote walikuwa wanabishana naye kuhusu ukubwa wa mkungu, kicheko na matusi madogo, mpaka jua liwe kali. Siku ile waliupokea bila kuutazama, wakamwaga mahindi kwenye mkeka bila kupima, wakashuka kilima haraka haraka.

Mgeni wetu aliwatazama mpaka walipopotea. Akaingia ndani.

Nilimfuata nikamkuta anakunja nguo za mtoto. "Dada, ni Kiswahili," nikamwambia. "Ni neno la shuleni. Ni mdudu mwingine kabisa. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua ni wewe." Hakuwa na hasira. Alizungumza Kiswahili, na kilikuwa kizuri, sentensi zote zimekaa. "Lakini wale si wanafunzi wako, mdogo wangu. Wao wamesikia walichosikia. Na wameniona nilivyosimama."

Mama akaingia. Alipoelewa kwamba mgeni anaondoka, alisimama mlangoni akashika miimo yote miwili. "Subiri Jumapili. Mjomba anakuja Jumapili, tumekwisha kupatana. Leo ni Alhamisi."

"Mama, Jumapili ni mbali. Wao watafika kambini kabla ya saa nane."

"Nitakuficha kwa jirani."

"Na wakija wakakukuta wewe?"

 Mama akaachia miimo, akaenda kuwafungia viazi vya kuchemsha kwenye jani na kuvua kitenge chake mwenyewe mtoto afungiwe nacho. Walikubaliana aende kwa njia za juu, akae mbali na barabara, aulizie Nyakanazi, na akifika amtafute muuza chai.

Niliwasindikiza. Mtoto alikuwa mgongoni, anataka kurudi kumwona mdudu wake. Njia nzima mama yake alimfanyisha mazoezi kama tulivyokuwa tunafanya kila siku.

"Unatoka wapi?"

"Bukiriro," anasema mtoto.

"Natoka Bukiriro. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda Biharamulo kwa bibi mdogo."

"Huyu nani?"

"Mama."

Tulipofika juu, mahali njia inapogawanyika, aliniambia nirudi. Alisema nikichelewa kurudi, atakayekuja kuuliza atajua walikoelekea. Nilitaka kumwomba msamaha na nikashindwa kupata neno katika lugha yoyote. Yeye alinishika kichwa kwa mkono mmoja, kama anavyoshikwa mtoto. Nikarudi. Niligeuka mara moja nikaona kitenge cha mama, cha njano, kinaingia kwenye miti.

Jioni, tukiwa jikoni, mama aliuliza: "Mtoto alilitoa wapi lile neno?"

Nilikuwa nachochea moto. Nikaendelea kuchochea.

"Ni wale wanawake," mama akasema mwenyewe. "Wamemfundisha makusudi, wapate kumtoa mama yake nje."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Siku iliyofuata alimwaga mahindi yao njiani, na yeyote aliyetoka kambini tangu hapo hakumfungulia ua.

Jumamosi nilikuwa kisimani. Yule mwanamke mkubwa alinikuta pale, peke yake. Niliogopa nikashika ndoo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mwarimu, yule dada yenu yuko?"

"Ametoka."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui."

Alikaa kwenye jiwe. Alikuwa amechoka, ametembea kilima kizima. "Usinifiche, mwanangu. Mimi nilimjua tangu siku ile nilipomwona kwa mbali anapepeta. Mama yake ndiye aliyenizalisha mwanangu wa kwanza. Nimekula kwao."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nimsalimie, huyu wa pembeni asikie? Mkwe wangu namwamini. Yule mwingine simjui moyo wake. Nilikuwa nakuja, namwona kwamba yupo, mtoto ananenepa, naondoka. Ilinitosha."

Nikamuuliza kwa nini basi waliondoka mbio siku ile.

"Nilimwona anatetemeka," alisema. "Nikawaambia wenzangu twende, tumpishe apumue."

Aliinuka akapanguza nguo. Alisema kama dada yule atarudi nimwambie kwamba yule wa ndizi za Rusumo anamsalimu, atajua ni nani. Kisha akaniuliza kama anaweza kupita kumwona mama yangu. Nikamwambia mama anaumwa. Nilisema uongo, maana wangezungumza, mama angejua kwamba hawakumfundisha mtoto kitu, angeniuliza mara ya pili, na mara ya pili ningelazimika kujibu.

Kwa hiyo mama hakujua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wakimbizi walirudishwa kwao, vilima vilibaki vipara halafu vikaota miti tena, na yeye alifariki akiamini kwamba watu watatu waliomtunzia siri mgeni wake, au angalau mmoja wao, ndio waliomsaliti. Kila mwezi wa kumi na moja, tukiombea marehemu, alikuwa akiwaombea mama yule na mtoto pamoja na wafu wetu, kisha anasita na kusema labda hawajafa, Mungu atapanga mwenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake. Ningeweza kumwambia wakati wowote.

Yule mdudu nilimkuta uani jioni ileile ya Alhamisi, amekufa, jani limemfunika. Nikamtia kwenye kopo. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka angalau jina liwe kweli. Mwezi uliofuata nilimpeleka kwa bwana shamba wa kata. Alimgeuza kwa kijiti, akasema anaishi majini, kwenye matete na mafunjo ya bondeni, anakula vyura na samaki wadogo. Alisema zamani watu hawakuwa wanamwona kwa sababu hatoki, ila anafuata taa kali, na tangu watu wa misaada wawashe jenereta kule kilimani wadudu hawa wanaruka usiku kuzifuata, wengine wanaanguka njiani. Alisema pia anauma vibaya. Nikafikiria ile mikono miwili ya mtoto.

"Ni nyenze?" nikamuuliza.

"Nyenze? Nyenze anakaa mtini anapiga kelele. Utakuwa umewasikia maisha yako yote. Huyu hana jina la Kiswahili ninalolijua mimi."

Alisema hivyo bila aibu yoyote, mtu aliyesomea chuo, akanirudishia kopo langu.

Imebaki Jumapili. Mjomba alifika kama alivyoahidi, mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amelala parokia moja njiani. Nyuma ya baiskeli, kwenye kibebeo, alikuwa ameshona kiti cha gunia, amekijaza majani makavu, na pembeni amefunga vipande viwili vya mti mtoto apate pa kushika.

"Wako wapi wageni wangu?" akauliza kwa sauti kubwa, akitabasamu.

Mama alimweleza. Mjomba alisikiliza huku amesimama, mkono juu ya kile kiti. Akauliza siku, akauliza saa, akauliza nguo. Akahesabu kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Akasema mtu anayetembea na mtoto mgongoni kwa njia za juu angekuwa bado yuko njiani, kwa hiyo hawezi kusema kwamba hakuwaona kwa sababu hawapo. Huenda amewapita tu, yeye akiwa barabarani na wao wakiwa porini. Alikunywa uji nusu bakuli. Alikataa kulala.

Mama akamwambia atoe basi kile kiti, kinamzidishia uzito. Mjomba alikitazama, akaanza kufungua kamba, akafika nusu. Akazifunga tena, akakaza.

Nilimsindikiza mpaka pale njia inapogawanyika. Hakupanda baiskeli. Alisema akipanda ataenda upesi mno, hataweza kutazama pande zote mbili. Alishika njia ya juu akiisukuma, akitembea polepole, na kila baada ya hatua kadhaa alisimama akapiga kengele, akasikiliza, akaendelea. Niliisikia kengele ile kwa muda mrefu baada ya yeye kupotea machoni.

Alifika Nyakanazi Jumatano. Alisema hakukutana na mtu.